Mama Mkwe Amekalia Kiti cha Sindamila

Mashine ya Kukoboa Mpunga,
Nyuma ya Soko, Kashaulili,
Mpanda, Mkoa wa Rukwa.
19 Agosti 1996

Kwa Mwalimu Amedeus,
Muasisi wa Ufalme wa Sindamila,
Tabora.

Mheshimiwa Mwalimu,

YAH: KUPINDULIWA KWANGU NA MAMA MZAZI WA MKE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba wanafunzi wa Tabora wana masikio kuliko hawa wa kwetu uliowaacha. Sisi huku miili haijambo. Mpunga wa mwaka huu umekuwa mzuri, mashine inakoboa tangu asubuhi, na dizeli inapatikana kwa kubahatisha. Ningependa niishie hapo kwenye habari njema, lakini mimi ni mfalme niliyeng'olewa kitini, na mtu wa namna hiyo hana habari fupi.

Unakumbuka jinsi ulivyoondoka. Siku ile stesheni, treni ikiwa imeshapiga honi, ulitoa mfukoni kile kizibo chekundu cha soda ambacho ndicho mfalme, ukanikabidhi mbele ya Masunga na katekista Eustace, ukasema, "Gaspar, Sindamila naiacha mikononi mwako." Nikakipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa ya pili, tumekuwa tukitandaza hapa mashineni ile ramani uliyoichora kwenye mfuko wa saruji, tukiucheza mchezo wako kama ulivyotufundisha. Mimi nilitawala kutoka Kilima cha Shaba. Masunga, yule Msukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe, alikuwa Mkuu wa Majeshi. Hilaria muuza vitumbua alikuwa Mganga Mkuu mwenye uwezo wa kuongea na viboko wa ziwani. Eustace alishika dadu na kuamua ugomvi, maana hakuna anayethubutu kumwambia katekista kwamba amekosea. Na wateja waliosubiri zamu ya kukobolewa walipewa vijiji na punje za mahindi, ambazo ndizo watu na akiba ya vijiji hivyo. Ulikuwa ufalme wa amani, ukiacha vita vyangu na viboko.

Sasa naomba usome malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa namba ili hasira isije ikayachanganya.

1. Kuhusu jinsi mwasi alivyoingia nchini.

Mwasi ni mama mkwe wangu, Mama Minza wa Kakese. Wewe hukuwahi kuonana naye. Baba mkwe alifariki mwezi Februari, Mungu amlaze pema, na baada ya matanga mke wangu Kabula akaenda kumchukua mama yake aje akae nasi kidogo, kwa sababu kule nyumbani alikuwa amebaki kutazama zizi tu, hali, hasemi. Alipofika kwetu vilevile hakusema. Alikuwa akikaa kwenye mlango wa nyuma wa mashine, kanga imefunika kichwa, anachagua chuya kwenye mchele wa watu ambao hawakumwomba.

Kabula akanijia akasema, "Mpeni na yeye nafasi kwenye mchezo wenu nyie, apate kushughulisha mawazo." Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Niliona kijiji ni mzigo mkubwa kwa mtu mwenye msiba, kwa hiyo nikampa kazi ndogo ya kuchunga nyati weupe wa mfalme. Kizibo chake kilikuwa cha soda ya chungwa, tena kimekunjika.

Kwa muda mrefu hakufanya lolote zaidi ya kusogeza nyati wake kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye maji, na kutoka kwenye maji kurudi kwenye nyasi. Mara moja tu alimuuliza Eustace kama nyati weupe hukamuliwa. Eustace akafikiri, akasema hajaona mahali ulipokataza. Mfalme mwenye busara angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa nazibua mashine.

2. Kuhusu uasi wenyewe.

Mwezi Julai joka la mvua lililala. Unaijua sheria yako, dadu likikataa mfululizo, joka linazama kwenye kina cha ziwa na mvua inakatika. Vijiji vikaanza kukauka. Nilichukua hatua ambayo mfalme yeyote angeichukua. Nilitangaza vita vipya dhidi ya viboko, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba wao ndio wanaolificha joka. Na kwa kuwa jeshi haliendi vitani na njaa, nikakusanya punje za vijiji vyote. Ilikuwa hatua ya kiserikali.

Mama mkwe hakupinga. Alianza kukamua. Alipita na nyati wake kijiji hadi kijiji, na kila alipopita aliacha mbegu moja ya boga, akasema hayo ni maziwa. Eustace akaamua kwamba kijiji chenye maziwa hakifi. Kilichofuata sikukitegemea, maana kila mwenye kijiji aliyekunywa maziwa aliona vibaya kunipelekea mimi punje. Wa kwanza kuhama alikuwa mteja wa Ilembo, mtu aliyekuja kukoboa debe moja tu na ambaye hata jina la ufalme hakuwa amelishika vizuri. Akafuata Hilaria, pamoja na viboko, ambao nakiri walikuwa na sababu zao. Mwisho akahama Masunga, Mkuu wangu wa Majeshi. Alisema ananiheshimu sana ila hawezi kupigana na mtu anayemwita mama.

Baada ya hapo mama mkwe akasogeza kile kizibo chake kilichokunjika, taratibu, kama mtu anayesogeza sufuria, mpaka juu ya Kilima cha Shaba. Ikulu nilikuwa mimi peke yangu.

3. Kuhusu dadu lililopotea kwenye pumba.

Sheria inasema mfalme akivamiwa ana haki ya kurusha dadu kujitetea. Eustace akanikabidhi dadu. Lakini aliyeketi mbele yangu, ng'ambo ya ramani, alikuwa mama mkwe.

Mwalimu, wewe umeoa. Mkwe nyumbani kwangu namwamkia kutoka mlangoni huku natazama chini. Nikiwa nakula, yeye anapita nyuma ya nyumba ili asinione natafuna. Akija kukaa upande huu, mimi nahamia upande ule. Kwao Wasukuma ni hivyo na kwetu Wapimbwe ni hivyo. Sasa mtu wa namna hiyo nimtupie dadu, liende likabingirike mpaka miguuni pake, na niseme nimemtangazia vita? Ukoo wangu ungesemaje?

Nilimwomba Eustace anirushie. Akajibu kwamba mfalme anayetuma mtu kumpigania ameshasalimu amri. Basi nikageuka, nikalirusha kwa nyuma kuelekea mashineni, ambako hakuna mkwe. Likaingia kwenye lundo la pumba. Tukalitafuta wote, pamoja na mwasi, ambaye alitafuta kwa bidii kuliko mtu yeyote. Halikuonekana. Eustace akatoa hukumu kwamba dadu lisiloonekana halina namba, na mfalme asiye na namba ameshindwa, kizibo chekundu apewe mwasi. Hukumu hiyo naipinga kwa nguvu zote. Inawezekana nilipata sita.

4. Kuhusu madai ya mwasi kwamba kiti ni chake kwa haki.

Hapa ndipo penye moyo wa malalamiko yangu. Kushindwa hushindwa kila mtu. Nisichoweza kukivumilia ni kuambiwa kwamba nimeshindwa kihalali.

Nilitaka aeleze ni kwa haki gani amekaa pale. Sikumuuliza yeye. Nilimwambia Kabula amuulize, kama inavyopasa, ingawa tulikuwa tumezunguka ramani moja. Nikatoa hoja zangu. Kwamba kiti nilikabidhiwa na muasisi mwenyewe mbele ya mashahidi walio hai. Kwamba yeye ni mchunga nyati, hana damu ya kifalme. Na kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mahali ambapo mtu ameuteka mji kwa maziwa ya mgando.

Kabula akafikisha. Jibu la kwanza lilikuja kwa njia hiyohiyo. Mama anasema, Sindamila ilianza wakati wa likizo ya Krismasi, kwa hiyo hakuna aliyezaliwa humo, na damu zote zilizopo hapa ni za Mpanda. Wateja wakacheka. Mimi nikamtuma Kabula arudi na hoja ya stesheni, kwamba ulinipa kizibo kwa mkono wako mwenyewe.

Mama mkwe hakusubiri afikishiwe. Aliinua kichwa, kanga ikamshukia mabegani, akasema kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu msiba, "Baba, mwalimu alikupa kizibo. Watu hakukupa. Hawakuwa wa kwake."

Wateja wakaacha kucheka, wakainamia ramani. Hata mimi niliinama, lakini kwangu ilikuwa ni kuinama kwa kutokubali. Yeye akatutazama, akaona jinsi sisi watu wazima tulivyoduwaa juu ya mfuko wa saruji, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Kabula alitoka nje akasimama kwa muda anajifuta uso kwa kanga. Nilidhani ni vumbi la mashine. Kicheko hicho nakiweka kwenye orodha ya makosa, kwa sababu kilinivunjia heshima mbele ya wateja wangu.

Na ufikirie, Mwalimu, tunakwenda wapi. Tukikubali kwamba anayelisha watu ndiye mwenye haki ya kiti, basi kesho Hilaria na vitumbua vyake atadai soko zima la Kashaulili. Keshokutwa mama zetu wote watadai nyumba. Masista wa misheni wanaogawa uji watadai wilaya. Na wanaume tutabaki na nini, zaidi ya vita na viboko?

5. Kuhusu ufalme kuvuka mipaka yake.

Ningeweza kuyameza hayo kama yangeishia kwenye ramani. Hayakuishia. Tangu awe Malkia, mama mkwe anaongea, na anachoongea ni amri.

Ameamuru wanaotoka mbali wakobolewe kwanza. Mimi ndiye fundi wa mashine hii, lakini foleni imejipanga upya bila kuniuliza, na cha kuudhi ni kwamba ugomvi wa foleni umekwisha. Ameamuru mchele utoke bila chuya, kwa hiyo ninachekecha mara mbili, na sasa wananijia watu ambao zamani walikuwa wakipeleka mpunga wao kwingine. Wateja wanamwamkia yeye kwanza. Kabula amepewa Wizara ya Chakula, na chini ya wizara hiyo nimeona mlenda zaidi ya ninavyostahili. Imepitishwa pia sheria kwamba mfalme aliyestaafu atachota maji asubuhi, kwa sababu ana muda. Amri zote hizo naletewa na Kabula, kwa heshima kubwa, na mkwe hakataliwi.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la juzi. Walikuwa wamekaa kwenye foleni watu wawili ambao hawasalimiani, mkulima mmoja Mpimbwe mwenzangu na mfugaji mmoja Msukuma wa Kakese. Ng'ombe wa huyu walikuwa wameingia kwenye mpunga wa yule. Shauri lilikuwa limeshapita kwa balozi wa nyumba kumi na kwa wazee, na kila lilipopita liliongezeka ukali. Mama mkwe akawaita. Akamuuliza mkulima shamba lake analimaje, akajibu kwa jembe la mkono. Akamuuliza mfugaji ana maksai, akajibu anao. Akasema, "Basi mvua ikianza utamlimia shamba lake lote, na yeye atakupa mabua ya kulishia." Wakatazamana. Halafu wakacheka, wakashikana mikono.

Mwalimu, hilo halikuwa la mchezo. Lilikuwa shamba la kweli na ng'ombe wa kweli. Nani alimpa mamlaka hayo? Mchunga nyati weupe, ambaye miezi michache iliyopita alikuwa hawezi hata kuitikia hodi!

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

(a) Utoe tamko kwa maandishi kwamba mwasi hana haki ya kiti, hata kama ameshinda, hata kama anapendwa, na hata kama nchi inakwenda vizuri.

(b) Tamko hilo lisomwe palepale stesheni nilipokabidhiwa, treni ikiwa imesimama, ili abiria nao wajue.

(c) Kama hilo ni gumu, basi utawala ugawanywe. Yeye atawale Jumapili, mimi nitawale siku ambazo hatuchezi.

(d) Kama na hilo haliwezekani, umwandikie kwa upole, wewe kama mtu wa nje, kwamba amekaa nasi vya kutosha na Kakese inamhitaji. Mimi siwezi kumwambia. Sina hata mahali pa kuelekeza macho.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mama watoto na jirani zako wote wa Tabora, wanaonijua na wasionijua. Masunga anakusalimu, ingawa alinisaliti. Hilaria anakusalimu, na viboko pia wanakusalimu. Eustace anasema anakuombea. Kabula anakusalimu na anauliza kama kwenu mlenda unapatikana.

Wako mtiifu katika Sindamila halali,

Gaspar,
Fundi wa Mashine ya Kukoboa, na Mfalme (aliye uhamishoni nyumbani kwake).

N.B. Usitoe tamko lolote kwanza. Sina karatasi nyingine, ndiyo maana naendelea hapahapa chini.

Barua hii haikuondoka siku niliyoiandika. Nilikuwa nimempa Eustace anisahihishie herufi, na yeye, bila nia mbaya, akamsimulia Hilaria, na kwa Hilaria habari hailali. Hazikupita siku mbili nikaamka nikakuta kizibo chekundu kando ya kikombe changu cha chai. Mama mkwe alikuwa ameshafunga kapu lake. Hakununa wala hakusema neno la barua. Aliniaga kutoka uani, akanishukuru kwa kumtunza, akapanda mkokoteni wa Masunga kurudi Kakese.

Basi nikawa mfalme tena. Ombi (d) lilikuwa limetimia kabla hujalisoma.

Jumapili nikatandaza ramani. Masunga alipita akasema ng'ombe wake wamechoka, asingekaa. Hilaria alikuja na vitumbua, akavifunika, akasema viboko hawana la kusema. Mteja wa Ilembo akauliza Malkia yuko wapi, akajibiwa, akachukua debe lake akaenda kukaa kivulini. Wawili wengine walianza kugombania foleni. Nilikaa Kilima cha Shaba na kizibo changu, nikatangaza vita, na hakuna aliyeniuliza ni na nani.

Kabula hakunigombeza. Aliniwekea ugali na nyama, vile ninavyopenda, bila mlenda. Halafu akaenda kukaa kwenye ule mlango wa nyuma, kanga kichwani, akawa anachagua chuya bila kusema. Nikamtazama mpaka ugali ukapoa. Kisha nikaenda kuchukua baiskeli.

Nilifika Kakese jua likiwa bado juu. Nikapiga hodi, nikabaki uani na uso wangu chini, pale anaposimama mkwe. Nikasema kwa sauti kwamba nimeleta kizibo cha mfalme, na kwamba mashineni mambo hayaendi. Sauti yake ikatoka ndani, mlango ukiwa bado umefungwa.

"Umekuja kama mkwe, baba, au kama raia?"

Swali hilo, Mwalimu, lingekushinda hata wewe uliyeutunga mchezo. Nikisema mkwe, naishia uani, naacha kizibo kwenye kizingiti, narudi Kashaulili na heshima yangu yote na vita vyangu vyote. Nikisema raia, basi namba moja mpaka tano hapo juu sijui utazifanyia nini.

"Kama raia, mama," nikasema.

Akafungua mlango, akanionyesha kigoda nikae, akaniuliza viboko wanaendeleaje.